Baridi ya Kumpeleka Zena

Jumatatu, 10 Februari

Nimeosha gari kama kila Jumatatu. Nje linang'aa. Ndani tanuri. Nimewasha AC, nikakaa, nikasubiri. Matundu yanatoa joto kama pumzi ya ng'ombe. Feni ya ndani inapuliza namba nne tu. Moja, mbili na tatu zimekufa. Kitufe cha AC kinawaka taa, kinapepesa, kinazima. Hivi hivi tangu mwaka juzi. Sikuwahi kujali. Mwanaume anaendesha kioo kikiwa chini, kiwiko nje.

Sasa najali. Jana kulikuwa na kikao cha harusi ya Zena, mtoto wa dada yangu Mwajuma. Shemeji Hemedi, mdogo wa marehemu baba yake Zena, aliongea kwa simu kutoka Dar, sauti imefunguliwa ili wote wasikie.

"Shemeji, hilo gari lako lina AC kweli? Bibi harusi atakuwa amepambwa, na jua la Moro unalijua. Kama halina, langu lipo."

Nikamjibu mbele ya watu: "Kwenye gari langu abiria wanaomba blanketi."

Kikao kizima kilicheka. Mimi nikizungumza watu wanasikiliza, hilo Mungu kanipa.

Mke wangu, Mama Salama, hakucheka. Tulipofika nyumbani akauliza: blanketi lipi?

Jumanne, 11 Februari

Niandike jambo lilivyo, maana linanichoma.

Kwa sisi Waluguru mtoto ni wa upande wa mama. Mjomba ndiye mwenye mtoto. Zamani binti hatoki nyumbani mpaka mjomba afungue mdomo. Mjomba wangu mimi, kule Matombo, alikataa posa akiwa amelala kitandani, kwa kukohoa tu. Wale watu wakateremka mlima na mbuzi wao. Huyo ndiye alikuwa mjomba.

Leo je? Baba yake Zena alifariki mtoto yuko darasa la pili. Nani alimpeleka shule kila asubuhi kwa gari hili hili? Mimi. Nani alimfundisha kuendesha? Mimi. Hemedi alikuwa Dar anatuma salamu. Sasa harusi imefika, Hemedi ndiye walii wa kumwozesha kwa kuwa ni ndugu wa baba. Hilo ni la dini, silipingi. Lakini na kamati anaiongoza yeye. Na chakula kakipanga yeye. Mpaka rangi ya vitambaa.

Mimi nimebakiziwa jambo moja: kumchukua Zena nyumbani kwa mama yake Mwembesongo na kumfikisha kwa mumewe Mafiga. Basi. Na hilo likiondoka, mjomba anakuwa mwalikwa tu, anakaa kwenye kiti cha plastiki pamoja na majirani.

Harusi ni Jumamosi ya tarehe 22. AC itafanya kazi. Mimi niliwahi kushusha lori mlima wa Kitonga halina breki hata chembe, nalizuia kwa gia na dua, na tulipofika chini utingo alikuwa bado amelala. Waya ni nini?

Jumatano, 12 Februari

Kwa fundi Kidevu, fundi umeme wa magari pale Mwembesongo. Foleni. Kila mtu anaozesha kabla ya Ramadhani na kila mtu kakumbuka gari lake wiki hii.

Nilidhani gesi imeisha. Kidevu akapima, akasema gesi ipo. Tatizo ni umeme. Kompresa haivuti kwa sababu umeme haufiki. Kasema niliache mpaka Jumanne ijayo atafute njia ya waya.

Nimwachie yeye aguse dashibodi yangu? Nimerudi nalo. Nitafungua mwenyewe.

Ijumaa, 14 Februari

Baada ya swala nimefungua kabati la dashibodi na paneli ya vitufe. Misikiti, makanisa na wenye nyumba wote wanisamehe kwa niliyoyasema.

Panya. Nilibeba magunia ya mpunga kwenye gari hili mwaka juzi na panya wakapanda kama abiria. Waya umetafunwa, maganda ya plastiki yamejaa, kiota kizima cha pamba ya kiti. Mji huu una panya wanaofundishwa kunusa mabomu. Wanasifiwa dunia nzima. Wangu walifeli mtihani wakaajiriwa kula waya.

Nimesokota waya rangi kwa rangi, nikafunga tepe nyeusi. Mbili zilikuwa za kijani zote. Nikachagua kwa moyo. Nikabonyeza kitufe cha AC.

Waipa zikaanza kupangusa kioo. Kikavu. Jua la saa nane.

Mama Salama alikuwa mlangoni. Akasema labda gari limeona mvua inayokuja. Waipa kucheza ni dalili nzuri, maana yake umeme upo.

Jumapili, 16 Februari

Jana na leo nimeinama humo mpaka shingo imekakamaa. Nimebadilisha zile za kijani. Waipa zimerudi kwenye kazi yao. Nimekuta rezista ya feni imeungua na kutu juu yake, nikapata nyingine kwenye gari bovu pale gereji ya jirani. Sasa feni inapuliza moja, mbili, tatu, nne.

Joto. Nina joto la saizi nne.

Mikono imejaa mikwaruzo. Kidole kimoja hakikunjiki. Hakuna aliyeuliza.

Jioni dada Mwajuma kapiga simu. Hemedi kamuuliza tena habari ya AC. Dada anasema hataki maneno, yeye mwenyewe atakuja Alhamisi kukaa ndani ya gari, auone huo ubaridi. "Kaka, nakujua," akasema. "Usinitie aibu kwa wakwe zangu."

Dada yangu wa tumbo moja ananikagua kama mzigo wa magendo.

Jumanne, 18 Februari

Nimemeza mate nikarudi kwa Kidevu. Akacheka tu kwa pua. Akatazama tepe zangu. Akauliza nani kafunga. Nikasema fundi mmoja wa Dodoma.

Akachukua waya mrefu, akatoa umeme kwenye betri moja kwa moja mpaka kwenye kompresa. Tak! Ikavuta. Nikaweka mkono kwenye tundu. Ubaridi. Ubaridi wa kweli, kama asubuhi kwenye kilele cha Bondwa. Karibu nimkumbatie.

Kumbe ni rilei, kile kiboksi kidogo kinachopokea amri ya kitufe na kupeleka umeme kwenye kompresa. Imeungua. Tumezunguka maduka yote ya vipuri. Hakuna. Miguu yake si ya kawaida na gari ni la zamani. Kuna mtu Dar anayo, lakini mzigo utafika baada ya harusi.

Nikamwambia Kidevu aache ule waya wake wa betri. Akakataa. "Waya ukishika moto na bibi harusi yumo ndani, nitakimbilia wapi? Sifanyi, mzee. Subiri rilei, au mwombe shemeji yako gari."

Alilisema hilo mbele ya watu wa foleni. Wote wanajua. Mji mzima unajua kuna shemeji na kuna gari la shemeji.

Nimechukia.

Jumatano, 19 Februari

Waandike vitabu kuhusu leo.

Nimefungua kile kisanduku cha rilei chini ya boneti. Nikazitoa moja moja nikizilinganisha na ile iliyoungua. Ya tatu: ukubwa ule ule, miguu ile ile, mapacha. Kwenye mfuniko wamechora feni. Ni rilei ya ile feni kubwa ya mbele inayopoza rejeta.

Nikakaa juu ya ndoo nikafikiri. Gari likitembea, upepo unaipiga rejeta wenyewe. Feni ile ni ya watu wa Dar wanaosimama kwenye foleni nusu ya maisha yao. Moro hatuna foleni. Kutoka Mwembesongo mpaka Mafiga ni pua na mdomo.

Nikaihamisha. Nikabonyeza kitufe. Tak!

Nimempakia Mama Salama, tumekwenda mpaka Mzumbe na kurudi, vioo juu, AC mpaka mwisho. Mshale wa joto la injini ulitulia chini ya katikati kama umelala. Mke wangu alijifunga khanga mabegani. Hakusema neno la kusifu, lakini alijifunga khanga.

Alhamisi, 20 Februari

Dada kaja na Zena. Nimewazungusha barabara kubwa. Dada alikaa amekunja uso mpaka daraja la kwanza, kisha uso ukafunguka wenyewe. Akampigia Hemedi simu palepale. "Gari la kaka yangu ni friji," akamwambia.

Friji. Na Hemedi kalisikia.

Zena alicheka, akanigusa bega. Amechorwa piko mpaka kwenye viwiko.

Kidevu alituona tukipita. Jioni kanikuta njiani akauliza rilei nimeipata wapi. Nikamwambia mafundi wakubwa hawaulizwi.

Ijumaa, 21 Februari

Maua yamefungwa kwenye boneti. Utepe mweupe. Kanzu imepigwa pasi. Mimi ni mjomba wa mtu.

Jumapili, 23 Februari

Jana. Nitaandika nimalize.

Ndoa ilifungwa msikitini salama. Alasiri tukamtoa Zena kwa mama yake. Mbele kirikuu, kile kigari cha mizigo, imebeba watu wa tarumbeta. Nyuma yake mimi. Zena kiti cha nyuma, shela, dhahabu, uso umechorwa kama picha. Pembeni yake rafiki yake Rehema, msimamizi wake. Nyuma yetu Hemedi na gari lake jeusi, kisha wengine.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Vioo juu, nje jua linachemsha lami, ndani ubaridi. "Mjomba, meno yanagongana," Zena akasema, akacheka. Nilimwona kwenye kioo. Hapo ningeambiwa nife ningekubali.

Tarumbeta sikuzifikiria. Msafara wa harusi hautembei, unacheza. Wapiga tarumbeta wakifika kwenye kona wanamwaga ngoma nzima pale pale, na akina mama wanashuka kwenye magari, wanazungusha viuno katikati ya barabara, kirikuu inasogea kidogo, inasimama, inarudi nyuma wapate nafasi. Baiskeli zilitupita. Mzee mwenye mkokoteni wa mkaa alitupita. Kwenda Mzumbe nilikuwa na upepo. Hapa hapakuwa na upepo wala feni.

Mshale ukaanza kupanda. Nikatazama pembeni. Nikautazama tena. Umekaribia nyekundu.

Nikapiga honi wapishe. Wakadhani nashangilia. Wakaongeza kucheza. Nikapiga tena, mama mmoja akaja kucheza mbele ya boneti, ananionyesha mgongo.

Nikazima AC. Mvuke ukaanza kutoka pembeni ya boneti, katikati ya maua. Injini ikagonga. Tarumbeta zikanyamaza moja moja. Mtu akapaza sauti: "Mjomba kachemsha!" Kicheko barabara nzima. Simu juu, wanapiga picha.

Hemedi akaja dirishani. Suti, jasho hana. "Shemeji, pole. Mwanangu ahamie kwangu, hakuna ubaya." Aliongea taratibu, kwa adabu. Ningependa angenitukana. Na alisema mwanangu. Mwanangu!

Ipo njia moja, kila dereva wa zamani anaijua. Injini ikipata joto unafungua hita ya ndani mpaka mwisho, joto la injini linatokea ndani ya gari, mshale unashuka. Nilijua. Mdomo ukakataa. Nitamfungulia vipi bibi harusi hita, Februari, saa kumi ya Morogoro?

Zena ndiye aliyesema. Si nilimfundisha mimi?

"Mjomba, fungua hita. Twende."

Rehema akaruka. "We Zena! Uso wako!"

"Fungua, mjomba."

Hemedi bado kashika mlango. Zena akamwambia, "Ahsante baba mdogo. Nimetoka na mjomba, nitafika na mjomba." Akashusha kioo mwenyewe.

Nikafungua hita. Namba nne. Nikaipita kirikuu ya tarumbeta, nikatafuta upepo. Mshale ukashuka. Nyuma nilisikia bangili tu, Zena anajipangusa.

Tumefika Mafiga. Mawifi walikuwa mlangoni na vigelegele. Mlango wa gari ulipofunguka vigelegele vilikatika katikati. Poda imeshuka mpaka shingoni. Wanja mashavuni. Shela limemganda kama amenyeshewa. Bibi mmoja wa pale akachukua ncha ya khanga yake, akaanza kumfuta kama mtoto aliyeanguka.

Lakini hakushuka njiani. Hilo nalo waliseme. Mwanangu hakushuka kwenye gari la mjomba wake, mbele ya Hemedi na suti yake. Mlima wote wa Uluguru ulikuwa unatazama.

Jumatatu, 24 Februari

Jana sikuandika yote. Kuna kipande nilikiruka.

Pale Mafiga, wakati watu wanakula, nilikuwa nyuma ya nyumba namwagia rejeta maji. Dirisha la chumba walichomwingiza Zena kumpamba upya liko upande ule. Pazia tu. Rehema alikuwa anamgombeza. "Si ungehamia tu kwa baba yako mdogo? Gari pale, mlango wazi!"

Zena akasema: "Nilitamani, Rehema. Wallahi nilitamani. Lakini ningeshuka, mjomba angebaki na nini?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyosema mvua inanyesha.

Nilimaliza kumwaga maji. Yalijaa, yakamwagika kwenye viatu, nikaendelea kumwaga.

Angebaki na nini. Toka juzi natafuta jibu la kumpa na silipati. Kitonga? Lori lile lilikuwa na breki. Mbovu, lakini zilikuwepo.

Kwenye kundi la simu la ukoo wametuma picha ya mvuke na maua. Wanacheka kwa vile vikatuni vya machozi. Hemedi ameandika waache utani, shemeji alijitahidi. Alijitahidi! Nimezima simu.

Kidevu kapita. Alinyanyua boneti, akatazama kile kisanduku, akaifunga. Akasema mzigo wa Dar unafika kesho kutwa. Hakucheka kwa pua. Hata yeye.

Nawachukia wote leo. Hemedi kwa adabu yake. Dada kwa kutonipigia. Mama Salama kwa kunipikia ndizi na nazi kama mgonjwa. Zena siwezi. Nimejaribu.

Alhamisi, 27 Februari

Rilei imefika jana. Kidevu kairudisha ya feni mahali pake, akaweka mpya ya AC. Akafungua tepe zangu zote, akafunga upya. Gari likisimama linapoza, likitembea linapoza. Nimeliacha linanguruma uani kwa muda mrefu. Mshale haukusogea.

Jioni Zena na mumewe wamekuja kutusalimia kabla ya mfungo. Mumewe anaitwa Idrisa, kijana mpole, shikamoo yake ya kuinama. Wamekaa mkekani. Mama Salama kawapa chai na vitumbua. Zena kanenepa uso, au ni furaha. Idrisa akasema wamemwambia mimi nina habari nyingi za barabarani, nimsimulie hata moja. Nikamwambia siku hizi barabara ni nzuri, hakuna habari.

Mama Salama alinitazama.

Walipoanza kuaga nikatoka mbele yao. Nikawasha gari, AC mpaka mwisho, vioo juu, nikafungua mlango wa nyuma. Nikasema nawapeleka Mafiga.

Zena akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Piko limeanza kufifia. "Usijisumbue, mjomba. Bajaji tumeiambia itusubiri pale nje."

Idrisa akatazama chini.

Nikasema haya, mwanangu. Nendeni salama. Nikasimama mpaka bajaji ikakata kona.

Mlima ulikuwa na wingu zito, mvua haikuja. Nikarudi kwenye gari, nikakaa kiti cha nyuma, upande aliokaa yeye. Ndani palikuwa pamepoa vizuri. Nimekaa mpaka magoti yakaanza kuuma kwa baridi. Kisha nikasogea mbele nikazima.